Geji ya Kaka

Kaka hakuwahi kuiamini geji ya gari lake. Mshale wa mafuta wa ile pikapu ulilala chini kabisa, fofofo, iwe ametoka kituo cha mafuta sasa hivi au amebakiza kidogo azimikiwe barabarani. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajaondoka hapa Mikindani kwenda kubeba korosho za watu hadi bandarini, alisimama nyuma ya gari, akaegemeza nyonga kwenye bodi, akalitikisa. Mafuta yakipiga ukuta wa tenki, chwa, chwa, alijua yaliyomo. Mama akauliza kutoka dirishani, "Yapo?"

"Yapo, mama!"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Mimi niliisikia nikiwa kitandani, maana mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi, nikakaa. Safari yangu ndefu ni kufika sokoni, na huko nako hurudi mapema.

Kaka alipougua na kufariki, watani walikuja msibani kumtania, kama ilivyo desturi yetu. Binamu yetu, mtoto wa mjomba, fundi mwenye gereji mtaa wa Chikongola, mjini, ndiye aliyekuwa mtani wake mkuu. Alivaa kofia ya marehemu, akaiendea pikapu, akaitikisa kwa nyonga huku amebinua mdomo vilevile kama yeye. Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Mama alicheka kuliko wote. Tangu siku ile sijamsikia akicheka tena.

Kaburi liko kijijini kwetu, kule mto Ruvuma unakoingia baharini. Mama alitaka kwenda kumsomea mwanawe dua, na alitaka kwenda na gari la mwanawe, si la mtu mwingine. Dereva aliyebaki ni mimi. Leseni ninayo, imekaa kabatini kwa usalama. Nilijaribu kulitikisa gari nikasikia kitu, lakini sikujua nimesikia nini. Ni mafuta ya kufika Ruvuma au ya kufika kona ya msikiti? Njia ile ukishauacha mji ni mihogo na mikorosho tu. Kumkwamisha mama huko porini, anakwenda kwa mwanawe, sikutaka. Nikampigia binamu simu.

"We mlinzi wa kuku!" alisema alipofika. "Leo umetoka mpaka uwanjani? Niite watu wapige picha?"

"Fanya kazi. Ukiharibu nitakuja kukutania msibani kwako."

"Utafikaje? Chikongola kwako si ng'ambo?"

Aliingia kumwamkia shangazi yake, akatoka, akalala chini ya gari. Alichomoa waya unaotoka kwenye tenki, akaugusisha kwenye bodi, akaniambia niwashe swichi na kuangalia. Mshale ukaamka. Ukapanda taratibu hadi juu, mahali ambapo sikuwahi kuuona maishani.

"Basi geji nzima, waya mzima," alisema. "Ugonjwa uko ndani ya tenki."

Alishusha tenki, akaitoa sensa: kijimkono cha waya chenye boya nchani, linaloelea juu ya mafuta na kumwambia mshale yamefika wapi. Akaunganisha kipimo chake cha umeme, akaliinua boya kwa kidole. Juu, kipimo kilisoma. Katikati kilisoma. Boya lilipokaribia chini, kimya. Kumbe kibamba kinachopitisha umeme, ambacho mkono hutambaa juu yake, kilikuwa kimelika chote upande wa chini. Upande wa juu kiling'aa kama kimetoka dukani.

"Unaona? Boya limeishi chini miaka yote. Huyu bwana hakuwahi kujaza tenki." Akacheka, kisha akaacha. "Angejaza hata mara moja, mshale ungeamka."

Alivyojaza yeye vilikuwa humu nyumbani: pipa la mchele, mtungi wa gesi, kopo la dawa za mama. Na tumbo langu.

Binamu alipata sensa nyingine kwenye spea zake za mtumba, akaipima kwanza, akaifunga kwa mpira mpya ili mafuta yasivuje. Tulipofika kituoni akamwambia muuza mafuta, "Jaza mpaka juu, tuone kama mshale unafika." Ukafika. Siku gari lile liliposhiba, aliyekaa kwenye usukani ni mimi, mtu asiyekwenda popote.

Asubuhi yake mama alipanda, kanga mpya, msahafu kwenye mkoba. Nikawasha swichi. Mshale ukapanda.

"Twende, mama."

Aligeukia nyuma ya gari. Alikuwa anasubiri. Nikaelewa, nikashuka, nikazunguka nyuma, nikaegemeza nyonga pale rangi ilipobanduka kwa nyonga ya mwenyewe. Nikatikisa. Gari likayumba, lakini tenki halikutoa sauti. Mafuta yalikuwa yamejaa, hayana pa kuchezea. Nikatikisa tena kwa nguvu, mpaka jirani akachungulia.

"Yapo?" mama aliuliza.

"Yapo, mama. Yamejaa."

"Mbona sisikii?"

Nilirudi kwenye usukani, nikaliondoa gari polepole. Njia nzima hakuangalia mikorosho wala watu waliotupungia mkono. Aliinamisha kichwa, sikio limeelekea nyuma.