Bafta ya Modesti

Anayekuja dukani kununua bafta hachagui. Nimeuza vitambaa hapa mjini Sumbawanga tangu nilipoolewa na marehemu Zubery, na wanawake wa huku nawajua: kwa kitenge watakupangulia rafu zote, kisha wakwambie watarudi kesho. Lakini mtu wa nguo ya maiti huangalia chini, hutaja kipimo, akaondoka. Kwa hiyo Kristiana aliposimama mbele ya meza yangu na kuniomba nimkatie bafta, mkasi ulinitoka mkononi.

"Amefariki nani, Mama Modesti?"

"Modesti," akasema.

Moyo wangu ulitulia, na sioni haya kusema hivyo. Modesti alikuwa amekufa miaka minne kabla ya hapo. Mtaa mzima wa Chanji ulijua kuwa amekufa, padri alijua, mimi Mwislamu wa mjini nilijua. Aliyekuwa hajui ni mama yake peke yake, na siku hiyo nilidhani hatimaye amejua.

Kristiana ni mwanamke mfupi, mwenye viganja vipana vya kulima. Anakaa Chanji, shamba lake liko Mollo, na maharage yanayopikwa nyumbani kwangu ni yake tangu watoto wangu hawajaota meno. Ana kiburi kimoja tu, nacho ni adabu. Mfipa wa rika lake akifika kwa mtu huchuchumaa akapiga makofi ya taratibu, na mwenyeji naye humjibu kwa makofi. Kristiana hunifanyia hivyo mlangoni mwa duka, hata wateja wakiwa wamejaa. Zubery alikuwa akicheka, lakini alijibu, kwa sababu alishaambiwa kuwa kumnyamazia mtu aliyekupigia makofi ni kumtukana. Juzi juzi vijana wameanza kumwambia Kristiana "mambo vipi, bibi". Huwa anawapita kama hajasikia.

Modesti alikuwa mwanawe wa pekee. Jumatatu moja ya Pasaka alikwenda na wenzake kutembelea maporomoko ya Kalambo. Mvua zilikuwa bado nzito na mto umejaa. Viatu vyake viliingia matope, akasema anakwenda kuviosha, akapotea nyuma ya mawe. Waliporudi kumtafuta walikuta kiatu kimoja. Huko chini korongo ni refu mno, limejaa miti na mawe, na upande wa pili ni Zambia. Walitafuta hadi wakachoka, mwili haukuonekana. Kisha mpuuzi mmoja, mwendesha lori, akaja kusema amemwona kijana anayefanana naye ng'ambo, sokoni Mbala. Ningemjua huyo mtu, ningemfungia mdomo wake kwa uzi wa kushonea magunia.

Maneno hayo yakamfunga mtu mwingine, Jovina. Huyo ndiye mke wa Modesti, na ndoa yao ilikuwa haijamaliza hata mwaka. Binti mpole, mrefu, sauti yake lazima uinamie ndiyo uisikie. Akabaki kwa mama mkwe wake, akilima naye, akipika naye, akisubiri naye. Nestory, fundi seremala wa Malangali, alituma wazee wa kumposa kwa heshima zote. Wakapokelewa na Cornelius, kaka wa marehemu baba yake Modesti, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo.

"Mnamposa mke wa marehemu gani?" Cornelius aliwauliza. "Matanga hayajaanuliwa. Kaburi liko wapi?"

Katika ukoo wao aliyepotelea majini huzikwa kwa jiwe. Ndugu wanakwenda pale alipopotelea, mama yake mzazi anaokota jiwe kwa mkono wake mwenyewe, linafungwa kwenye bafta, linazikwa nyumbani kama mtu. Matanga yanaanuliwa, na mjane anaachiwa aende zake. Hakuna anayeweza kumwokotea mama jiwe hilo. Kristiana alikuwa amekataa kila mwaka.

"Nini kimekubadilisha?" nilimuuliza nikimkunjia kile kitambaa.

"Nimemsikia Jovina analia jikoni, akidhani niko shambani," akasema. "Hakuwa akimlilia mwanangu, Mama Shamsi. Alikuwa akijililia mwenyewe. Anamaliza ujana wake kwangu." Kisha akaniomba niende naye. Macho yake yameingia ukungu, mtu aliye hatua chache mbele yake ni kivuli tu. Hakutaka Jovina amshike mkono siku ile. Alisema mtoto yule ana mzigo wake unaomtosha.

Tulikwenda Jumamosi, sisi wawili na Jovina na Cornelius, kwa gari la Abel. Abel hupeleka wageni Kalambo kwa Noah yake kila wikiendi, wanatembea, wanapiga picha, jioni anawarudisha. Siti zilizobaki walikaa Azizi na Hasna, maharusi wapya wa mjini, wamevaa miwani ya jua, wamebeba soda na chipsi kwenye mfuko. Hawakujua sisi tunafuata nini. Njiani Hasna akageuka, akamwamkia Cornelius shikamoo vizuri tu, halafu akauliza kama na sisi tunakwenda kutalii.

"Tunakwenda kumchukua mtu," Cornelius akajibu, na binti wa watu akageuka mbele.

Mwezi wa kumi Ufipa haina pa kujificha. Vilima vimechomwa moto, vyeusi hadi upeoni, upepo unasomba majivu na vumbi na kuviingiza hata kwenye vioo vilivyofungwa. Tulipita Matai bila kusimama. Kristiana alikaa dirishani na ile bafta mapajani, Jovina nyuma yake. Cornelius alikuwa akimkumbusha shemeji yake utaratibu, kwa sauti ya chini, ingawa mle ndani kila mtu alisikia.

"Ukifika unapiga makofi, kama unaingia kwa watu. Maji yale ndiyo yaliyompokea. Unasema, tumekuja kukuchukua. Unasubiri. Ukiona kimya, ujue umeruhusiwa. Unaokota, hugeuki nyuma."

"Na nikijibiwa?" Kristiana akauliza.

Cornelius alimtazama kwa huruma. "Hajawahi kujibiwa mtu, shemeji."

Kalambo si mahali pa kumpeleka mwenye msiba. Unatembea kwenye nyasi kavu, halafu ardhi inakwisha. Maji yanaporomoka mbele yako na huoni yanapofika. Ndege korongo wakubwa wanakaa kwenye kuta za mwamba, na hewa inayopanda kutoka chini ni ya baridi, inanuka majani yaliyooza. Wakati ule wa kiangazi maji ni machache, ngurumo yake si ya kuziba masikio. Azizi na Hasna walikimbilia kwenye ukingo. Hasna akarudi akampa Jovina simu.

"Dada, tupige moja, tutokee na maporomoko."

Jovina aliwapiga. Alisogea nyuma, akainamisha simu, akawaambia wakae karibu zaidi. Nilimwonea uchungu mpaka nikageukia pembeni.

Tulimpeleka Kristiana juu kidogo, kwenye mawe ambapo mto unapita kabla ya kuanguka. Ndipo kiatu kilipookotwa. Akauachia mkono wangu. Akachuchumaa, akatandika bafta juu ya mwamba, akaikandamiza pembe kwa goti ili upepo usiichukue. Kisha akapiga makofi, yale yale ya mlangoni kwangu, taratibu, viganja vimekunjwa kidogo.

"Modesti," akasema. "Tumekuja kukuchukua."

Akasubiri. Cornelius alivua kofia. Jovina alikuwa amefumba macho. Mimi sikufumba, mimi ni mtu wa kuangalia, na ndiyo maana nilimwona mapema.

Ng'ambo ya mto, kwenye nyasi upande wa Zambia, alitokea mwanamume. Alikuja kunawa majini. Mzee, kipara kinang'aa, jembe begani. Aliinua uso akaona mwanamke aliyechuchumaa, ameelekea kwake, ametoka kupiga makofi. Watu wa ng'ambo ile na wa huku ni wamoja, adabu yao ni moja. Yule mzee angefanya nini? Alilaza jembe lake chini, akachuchumaa, akamjibu.

Yalisikika. Madogo, yamekatwa na kelele ya maji, lakini yalisikika. Hata Hasna aligeuka.

Kristiana hakupiga kelele. Aliinua uso tu, na uso ule siusahau, ulikuwa na furaha iliyonitia hofu. Macho yake ya ukungu yaliganda pale ng'ambo palipokuwa na kivuli.

"Amejibu," akasema. "Mama Shamsi, amejibu."

"Mama Modesti, yule ni mzee wa watu," nikamwambia, na sikulainisha. "Ana kipara. Amekuja kunawa, umempigia makofi, amekujibu. Huo ni uungwana wake tu. Okota jiwe twende."

"Shemeji?" Kristiana akamwita Cornelius.

Cornelius alifungua kinywa. Kiongozi mzima wa ukoo, msemaji wa kila kikao, akakwama. Ni yeye aliyesema kimya ndiyo ruhusa, na kimya hakikupatikana. Akaanza kuzungusha kofia yake mikononi.

Basi Kristiana akamgeukia Jovina.

"Mwanangu, wewe una macho mazima. Nawe ndiwe mkewe. Niambie, nami nitafuata utakalosema. Ukisema si yeye, naokota."

Yule mzee alikuwa bado amechuchumaa, anasubiri kuona kama salamu imekwisha. Jovina alimtazama. Alimtazama vizuri, kwa muda, na mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, najua alichokiona: kipara, mgongo uliopinda, jembe. Neno lilikuwa pale mdomoni mwake. Neno moja, na Nestory yuko Malangali anasubiri. Nilitaka kumfinya alitamke.

Kisha akamtazama Kristiana, aliyekuwa amechuchumaa na mkono mmoja juu ya jiwe, mdomo wazi kidogo kama mtoto anayengoja kulishwa.

"Ni mbali, mama," Jovina akasema. "Lakini mabega ni yake."

Sijawahi kukasirika namna ile. Nilikasirika naye, na yule mzee na adabu yake, na Cornelius na taratibu zake. Ng'ambo, mzee akainuka, akabeba jembe lake, akaingia kwenye nyasi. Kristiana akaondoa mkono juu ya jiwe. Akaikung'uta bafta vumbi, akaikunja pembe kwa pembe.

"Ana kazi zake," akasema. "Atakuja mwenyewe. Tusimsumbue."

Kurudi hakuna aliyezungumza isipokuwa yeye. Alieleza kwamba mwaka huu atalima na lile eneo la bondeni kule Mollo, kwa sababu Modesti hupenda njegere. Hasna alilala begani kwa mumewe. Jovina alikaa nyuma yangu, na nilipogeuka kumsema, nikakuta anafuta vumbi kwenye kioo kwa kidole, anatazama nje, na nje tayari kulikuwa giza. Nikarudisha maneno yangu.

"Uliona mama alivyoniangalia," aliniambia tuliposhuka, kabla sijamuuliza. "Ningerudi naye nyumbani vipi, Mama Shamsi?"

"Na Nestory?"

"Nestory atapata mtu," akasema, akaenda kumshika mkono mama mkwe wake.

Jumatatu asubuhi walikuwa mlangoni kwangu wote wawili. Kristiana akachuchumaa, akapiga makofi. Nilikaa kwenye kiti changu, na kwa mara ya kwanza mikono yangu ilikataa kunyanyuka. Lakini alisubiri, akainamisha kichwa kidogo, na nikajibu.

Akaweka bafta juu ya meza. Ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi.

"Haijatumika," akasema. "Nibadilishie. Nataka kitambaa cha shati, kizito, maana huku kwetu ni baridi. Cha buluu. Fundi wako amshonee kabisa, akija akute tayari."

Nilimwita fundi wa cherehani aje na futi yake, nikamweleza. Akamuuliza Kristiana vipimo. Kristiana akashika shavu, akajaribu kukumbuka, akapima hewa kwa viganja vyake, akashindwa. Mwana akikaa mbali miaka minne mama husahau upana wake.

Jovina alikuwa amesimama kando, anapapasa kitambaa. Bila kuinua macho akamtajia fundi kifua, urefu wa mkono, shingo.

"Na mabega?" fundi akauliza.

Jovina akakiachia kitambaa. Halafu akamgeukia Kristiana.

"Tuongeze kidogo, mama," akasema. "Juzi nimemwona amepanuka."