Injini ya Spika na Wajomba Kumi na Mmoja

"Ndege yangu itasimama hewani kwa mkia, pua juu, haiendi mbele wala hairudi nyuma, mpaka nimalize kuwataja wajomba wote wa bibi harusi, mmoja baada ya mwingine! Ikianguka kabla ya mjomba wa mwisho, shemeji yangu yule pale aichukue, na rimoti yake nampa!"

Maneno hayo yalitoka kwenye kipaza sauti, ndani ya ukumbi uliojaa, mbele ya wageni waliokuwa wamechoka kumsubiri bwana harusi ambaye gari lake lilipata pancha njiani. Aliyeyasema alikuwa mshereheshaji wa siku hiyo, wenyewe wanamwita Spika, na kazi aliyolipwa kuifanya wakati huo ilikuwa kujaza muda. Aliyemchokoza ni kaka mkubwa wa mkewe, muuza matairi, ambaye pia ni mwenyekiti wa klabu ya ndege za rimoti.

"Hebu tuambie, shemeji," alikuwa amepaza sauti kutoka mezani kwake, "ile ndege yako ya mezani itaruka lini, au tunasubiri iote manyoya?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu mwingine angecheka nao, yakaisha. Lakini Spika akishika kipaza sauti, mdomo wake hauna breki.

Hesabu aliletewa baadaye, ndani ya gari, na mkewe.

"Unajua mama yake bibi harusi ana kaka wangapi?"

"Watatu? Wanne?"

"Kumi na mmoja. Wote walikuwepo, na wote wamekupigia makofi."

Spika akanyamaza mpaka nyumbani, jambo ambalo mkewe alisema angependa lingetokea mapema jioni ile. Kukana haikuwezekana. Mpiga video alikuwa amesimama mbele yake tangu mwanzo, na taa ya kamera ilikuwa inawaka.

Sasa hiyo ndege ya mezani. Spika aliijenga kwa miaka miwili juu ya meza ya chakula, mabawa yake yakienea mita mbili kasoro kidogo, mifupa ya mbao nyepesi ya balsa, ngozi ya plastiki nyekundu na nyeupe inayobandikwa kwa pasi. Pasi iliyotumika ni ya nyumba, na tangu hapo kila shati la mtoto lililonyooshwa pale lilienda shuleni na alama nyekundu mgongoni. Familia nzima ilikula sahani zikiwa magotini kwa miaka hiyo miwili. Mkewe, ambaye ni mpishi wa keki za harusi, alipambia keki zake juu ya friji. Na baada ya mateso yote hayo ndege ilikuwa haijawahi kuguna hata mara moja, kwa sababu puani, pale injini inapokaa, palikuwa na tundu tupu. Spika alikuwa ameweka rehani ndege isiyo na injini.

Mikono yake lakini haikuwa ya kubahatisha. Kwa muda mrefu alikuwa akifanya mchezo ule ule kwa kindege cha sponji cha betri, kwenye uwanja wa nyuma wa ukumbi, wakati wageni wakila. Alijua kwamba ndege ikisimama wima vile, mabawa yanakuwa mapambo tu. Uzito wote unaning'inia kwenye propela, kama mtu aliyeshika tawi kwa mkono mmoja. Injini ikisita kidogo, kwisha habari.

Wakaenda wote watatu kwenye duka la vifaa vya ndege za rimoti. Mke alialikwa, shemeji alijialika.

"Nakuja kuona mali yangu inanunuliwa injini gani," alisema shemeji, akajipa kiti cha mbele kwenye gari.

Muuzaji, mwanamume mkimya mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akaweka injini tatu juu ya kioo. Zote zilikuwa za plagi ya moto, zile zinazonywa methanoli iliyochanganywa na oili: unaipasha plagi kwa betri ndogo wakati wa kuwasha, ikishika unaondoa betri, na mlipuko wenyewe ndio unaoendelea kuiweka nyekundu. Ya kwanza ilikuwa ya mipigo miwili, mfano wa zile za pikipiki za kizamani, kubwa, kifua mbele. Ya pili ya mipigo minne, silinda moja, imesimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Ya tatu pia ya mipigo minne, lakini ya silinda mbili zilizotanuka kushoto na kulia, imeng'arishwa mpaka Spika akaona meno yake mwenyewe ndani yake.

"Hiyo," alisema Spika, akiinyooshea kidole ya silinda mbili, kabla muuzaji hajafungua mdomo.

"Mume wangu," alisema mkewe, "umeipenda au umejipenda?"

Shemeji yeye alikuwa ameshaikumbatia ya mipigo miwili. "Acha urembo, shemeji. Kamata hii. Ikipiga kelele, hata kunguru wanaomba radhi."

Muuzaji akawapeleka uani, ambako kulikuwa na benchi la chuma la kujaribia. Nyuma ya benchi, kwenye sakafu ya saruji, palikuwa na ndoo ya plastiki yenye maji nusu, ya kupimia nguvu ya upepo wa propela. Akaanza na ya mipigo miwili. Akaifungia propela ndogo inayoifaa, akaiwasha, akaifungulia mafuta mpaka mwisho. Ikapiga ukelele uliomfanya mke wa Spika azibe masikio kwa vidole vyote alivyokuwa navyo. Ndoo ikatikisika, ikasogea, ikapinduka.

"Umeona?" shemeji akafoka juu ya kelele. "Umeona?"

"Punguza mafuta mpaka katikati," alisema Spika.

Muuzaji akapunguza. Sauti ikaanza kupanda na kushuka yenyewe, kama mtu asiyejua aanze wimbo kwa sauti gani. Ndoo, iliyokwisha kusimamishwa na kujazwa tena, haikujali.

"Hii inapenda kukimbia," muuzaji alikiri. "Kukaa katikati haipendi."

Ikafuata ile ya silinda moja, na propela pana kuliko ya kwanza. Haikupiga ukelele. Iliguna, tu-tu-tu, sauti ya kifuani. Spika akafumba macho. Katika kumbi alikuwa ameona washereheshaji wachanga wanaofungulia sauti zote kali juu, wageni wa mbele wakaumwa na vichwa, wa nyuma wasisikie neno. Na alijua kwamba besi ndiyo inayofika mlangoni. Muuzaji akaipandisha taratibu. Kabla haijafika nusu, kishindo kikapita uani, sketi ya mkewe ikapeperuka, na ndoo ikapinduka, ikabiringika mpaka ukutani na maji yake yote.

"Inakohoa," alisema shemeji, akikung'uta maji kwenye viatu. "Inunulie na dawa."

Ikabaki kuchagua kati ya hiyo na ile ya silinda mbili, na kwa kweli moyo wa Spika ulikuwa umeshalala na ya silinda mbili na kuamka nayo. Hapo ndipo mkewe alipofungua mkoba akatoa mizani yake ya keki.

"Umekuja na mizani?" alishangaa muuzaji.

"Mimi nimeolewa na mtu huyu. Natembea nayo."

Akapima ya silinda moja, akapima ya silinda mbili. Akamwonyesha mumewe namba. Uzito wa ile ya silinda mbili ulikuwa karibu mara mbili ya mwenzake.

"Inavuta zaidi lakini," alijitetea Spika.

"Pua ikizidi uzito, mkiani utaweka nini?"

"Risasi. Vipande vya madini ya risasi, ili ikae sawa."

"Kwa hiyo unanunua injini nzito, halafu unanunua risasi ya kupigana nayo, halafu unaiambia injini ibebe na risasi. Keki yangu ikiegemea upande mmoja siongezi keki upande wa pili. Napunguza."

Muuzaji akasafisha miwani yake ili asionekane anacheka. Spika akaiangalia ile ya silinda mbili kwa mara ya mwisho, kama anayemuaga mtu kituoni, akachukua ya silinda moja.

Kilichofuata kilikuwa adhabu kubwa zaidi kwa mtu wa aina yake. Injini mpya inahitaji kulainishwa: inywe mafuta mengi, izunguke pole pole, ipumzike, ianze tena, tangi baada ya tangi, bila kuifungulia. Spika aliifunga kwenye benchi uani kwake, akaketi kando yake jioni baada ya jioni akinuka oili, mkono kwenye rimoti, akijizuia. Jirani akachungulia juu ya ukuta: "Spika, hicho unachopika bado tu hakijaiva?" Hakujibu. Jirani akaenda kumwambia mkewe kwamba huenda Spika ni mgonjwa.

Siku ya kutimiza ahadi wajomba walikuja kwa magari mawili na viti vyao vya kukunja, wakajipanga ukingoni mwa uwanja wa klabu kama kamati ya usaili. Shemeji, kwa cheo chake cha uenyekiti, akaikagua ndege kila skrubu, na ilikuwa wazi kwamba ameshachagua itakaa wapi sebuleni kwake. Spika akawasha. Tu-tu-tu, na moshi mweupe mwembamba nyuma.

"Hiyo imelewa mafuta," alisema shemeji. "Kaza kidogo kile kiskrubu cha mafuta ipate mwendo. Watu wametoka mbali, usiwaaibishe."

Mjomba Mkubwa akaunga mkono kwamba kweli haisikiki. Hilo lilimchoma Spika mahali pabaya. Mtu wa kipaza sauti kuambiwa hasikiki! Akakaza. Sauti ikapanda, ikawa safi, wajomba wakapiga makofi, na kwa muda Spika akatabasamu kama mpumbavu.

"Iinue pua," akamwambia mkewe.

Mkewe akaishika ndege mwilini kwa mikono miwili, akaisimamisha wima, injini ikinguruma juu ya kichwa chake. Sasa mafuta yalilazimika kupanda mlima kutoka tangini. Spika akasogeza sikio. Sauti ilikuwa imekonda. Ilikuwa ya mwimbaji aliyeishiwa pumzi kabla ya kiitikio. Hewani, ikining'inia vile, ingekata.

Akailaza, akakilegeza kiskrubu, akaiinua tena, akasikiliza, akalegeza kidogo zaidi, mpaka pua juu au pua chini sauti ikawa ile ile. Kikohozi kikarudi, na moshi ukarudi.

"Umeharibu tena!" alipiga kelele mjomba mmoja.

"Kaa chini, mjomba," alisema Spika. "Nitakutaja."

Ndege ikaondoka kwenye nyasi kwa hatua chache, ikapanda, ikageuka, ikarudi mbele yao, chini, mbele ya viti. Spika akavuta kijiti cha rimoti. Pua ikaenda juu, mwendo ukaisha, na ile nyekundu na nyeupe ikasimama hewani, mkia kimo cha mtu kutoka kwenye nyasi, ikiguna. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye rimoti, kwa hiyo mkewe akamwekea kipaza sauti cha mkono mdomoni.

"Mjomba Mkubwa!" Sauti ikafika hata barabarani. "Mjomba wa Reli! Mjomba Benki, usiangalie saa! Mjomba Mwenye Gari Bovu! Mjomba Kiporo! Pacha wa kwanza! Pacha wa pili, sijui ni yupi, asimame yeyote!"

Kila aliyetajwa alisimama, wengine mikono juu, viti vikianguka.

"Mjomba Daktari wa Ng'ombe! Mjomba..."

Upepo ukapiga. Ndege ikainama, ikaanza kushuka kwa mkia, na uwanja mzima ukasikia kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia: Spika kanyamaza. Mkia ukagusa ncha za nyasi. Shemeji akapiga hatua mbele. Kidole cha Spika kikasukuma, na injini haikusita wala kuuliza swali. Iliguna kwa nguvu mara moja tu, propela ikashika hewa, ndege ikapanda ikasimama pale pale ilipokuwa.

"Mjomba Kimya! Mjomba Ndevu!" Sauti yake ilikuwa imepanda sasa, na mkewe alikuwa anaruka-ruka na kile kipaza sauti kiasi kwamba nusu ya maneno ilikwenda angani. "Na mjomba wa mwisho, kitinda mimba wa mama yao, Mjomba Mdogo!"

Uwanja ukalipuka. Ndege haikushuka.

"Mafuta bado yapo!" alitangaza Spika. "Sasa shangazi!"

"Mume wangu, ishushe," alisema mkewe, akicheka mpaka machozi, akakiondoa kipaza sauti. Spika akaendelea bila hicho, na bado walimsikia vizuri, mpaka shangazi wa tatu. Kisha akaiinamisha, akaizungusha, akaileta chini taratibu kwenye nyasi, na wajomba wakamfuata mbio kumbeba.

Shemeji hakukimbia. Alikwenda peke yake mpaka kwenye ndege, akachuchumaa mbele ya pua, akaitazama silinda kwa muda mrefu. Akaigusa kwa kidole, akakirudisha haraka, akakipuliza. Spika alipofika, akishushwa kutoka mabegani mwa watu, shemeji hakuinua kichwa.

"Injini hii walisema bei gani? Siku ile sikusikiliza."

"Laki saba na nusu."