Nyumba ya Nungunungu

Bado naiona siku ile mama mkwe wangu aliposhuka kutoka Itiryo kuja kutazama kiwanja chetu hapa Tarime mjini. Kiwanja kidogo, mwanangu, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Mimi na baba yako tulikuwa tumechimba msingi wa chumba kimoja, katikati kabisa. Mama mkwe alisimama juu yake akacheka.

"Bhoke, zizi mtaliweka wapi?"

"Mama, mjini hatufugi."

"Nani kakuambia ufuge? Kwetu zizi liko katikati, nyumba zinalizunguka. Kijana akioa anaongeza yake pembeni, na wote mnaonana. Wewe katikati umeshapakalia! Mwanao akioa atamweka mkewe wapi, juu ya paa?"

"Amweke huko huko juu!" nilimjibu, nimenuna.

Akapiga makofi kwa furaha. "Basi jenga nyumba itakayombeba!"

Tukafukia ule msingi. Tukaanza upya kwenye kona ya nyuma, mgongo wa nyumba mpakani, mlango ukitazama uani. Msingi tulichimba mpana, na juu ya nguzo fundi akaacha nondo zimechomoza kupita mabati. Tukazipaka saruji zisiliwe na kutu. Mtaa mzima ulinicheka: "Mama Nungunungu, nyumba yako inauma?" Baadaye tukaongeza jiko, kisha chumba chako. Ua ukabaki. Hapo ulijifunza kutembea, na hapo watu walikaa tulipomlilia baba yako.

Juzi ukaniambia utajenga chumba katikati ya ua kwa ajili ya mkeo, nikikataa mtahama mkapange Sirari. Sikulala, mwanangu. Leo asubuhi fundi amepanda, amezigonga zile nondo, amekagua nguzo na msingi, akapiga kelele kutoka juu: "Mama, zinabeba!" Nimecheza peke yangu uani, mzee mzima! Jumatatu mabati yanashuka, chumba chenu kinapanda juu. Ngazi itapandia kando ya jiko, na mkeo nitamwita aje anywe chai nikiwa hapa hapa chini.

Kwa hiyo shika hili, na wenzako wanaobanana mijini waambie: anza na chumba kimoja, anzia mpakani, katikati pabaki wazi. Msingi uchimbe kwa ajili ya yule ambaye hajazaliwa.

Mungu akupe watoto wa kuuchafua ua huu, mura, kijana wangu, nao wakioa wakute nondo zako zimesimama.