Nilivyoachwa peke yangu nilinde mashini ya mbao huko Sondu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni wa kusoma tu na kunyamaza, lakini jana nilikaa kwa veranda nikakumbuka kitu, nikaona heri nikiandike kabla sijakisahau. Yalinipata mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Siongezi chumvi.

Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzo mwanzo hivi. Mimi ni Mmaragoli, Mluhya. Nilikuwa nimeshuka Kisumu kutafuta kazi, nikachukuliwa na bosi mmoja, tumwite Bwana Okech, mwenye mashini ya kupasua mbao.

Si ile ya kiwandani. Hii ilikuwa na magurudumu, inavutwa na trekta, mnaifuata miti kwa boma za watu. Mkifika mnaipanga chini, mnafunga mkanda kwa injini ya dizeli, mnasukuma gogo kwa ile sahani ya meno. Mbao zinaanguka upande wa pili. Jioni unakohoa unga wa mbao.

Safari hiyo tulikuwa mlimani, juu ya soko la Sondu, kwa boma la mama mmoja mzee, mjane. Alikuwa ameuza mivule yake. Bosi alikuwa na oda ya mbao za mashua kutoka kwa mafundi wa Dunga, kule ziwani, na mbao ya mashua inataka urefu. Ukiikata kati, ni bure, fundi hataiangalia mara mbili.

Sasa, tukiwa tumeshapasua rundo zima, beringi ya mashini ikavunjika.

Bosi akapakia wale wenzangu kwa trekta waende Kisumu watafute spea. Akaniambia, "Wewe baki. Mashini isiguswe. Mbao isiguswe, hata moja. Kesho kutwa tunarudi."

Usiku huohuo mvua ikaanza. Wale wanaojua ile barabara ya enzi hizo wanaelewa. Ilikuwa matope tupu, na mto ukafura ukameza daraja la miti lililokuwa hapo chini. Kesho kutwa ikapita. Wiki ikaisha. Trekta haikuonekana.

Wakuu, sijawahi kuwa mpweke vile.

Nilikuwa nalala chini ya turubai, kando ya mashini iliyokufa. Kijaluo sikujua zaidi ya salamu. Watu wa pale walikuwa wanapita na jembe, wananisalimia vizuri, wanaendelea. Hakuna aliyenichukia. Ni vile tu hakuna aliyekuwa na shida na mimi. Kuna siku nilijikuta naongea na injini, naiambia mvua leo imezidi. Nikaogopa sana. Nikasema huu sasa ni wazimu unaingia.

Yule mama mzee ndiye aliyeniokoa. Wote walimwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Jioni moja alikuja na bakuli la nyoyo, mahindi na maharagwe, akaketi kwa gogo. Akaanza kuongea. Kijaluo kitupu! Nikamwambia, "Mama, sisikii." Akacheka, akaendelea.

Kesho yake akarudi. Na kesho yake. Nami nikaanza kumjibu kwa Kimaragoli. Nilimweleza habari za mama yangu, za kaka yangu aliyekufa, mambo ambayo sikuwa nimeambia mtu Kisumu nzima. Yeye anaitikia "ee, ee" kama anayeelewa. Mpaka leo sijui alikuwa ananiambia nini. Lakini nikiona jua linashuka nilikuwa nanawa uso kabisa, namngojea.

Jioni moja hakuja. Nikasema ni mvua.

Asubuhi nikaona jirani yake, Owiti, anakuja mbio. Huyo ndiye pekee aliyekuwa na Kiswahili kidogo.

"Bwana, Dani amekufa. Tumekuta amelala tu hivyo."

Nikaketi chini. Nikamuuliza watoto wake wako wapi. Akasema mtoto ni mmoja, yuko Uganda, na hata wakipata mtu wa kumpelekea habari, hawezi kuvuka huo mto.

"Tutamzika na mkeka," akasema. "Alikuwa mtu wa kanisa, alitaka sanduku. Lakini mbao tutatoa wapi? Sondu hakufikiki."

Nikaangalia zile mbao zangu chini ya turubai. Mvule mzuri, mrefu. Mti wake mwenyewe.

Sikufikiria sana, msije mkanisifu. Nilichukua msumeno wa mkono na nikavuta mbao ya kwanza.

Owiti akaruka. "Hiyo si ya mashua? Bwana Okech atakufukuza!"

"Shika huko mwisho."

"Atakufukuza, nakwambia."

"Basi shika, nisikate vibaya."

Akashika. Mvule ni mgumu na ule msumeno ulikuwa butu. Tulikata mpaka mikono ikatoa malengelenge. Misumari tuling'oa kwa mlango wa boma kuukuu la ng'ombe. Halikuwa jeneza la kupendeza, lakini lilikuwa limenyooka, na nililipiga randa ndani na nje. Mara ya mwisho kulia mbele ya wanaume ilikuwa ni hapo, nikipiga randa.

Tukamzika mvua ikinyesha. Mimi nilisimama nyuma.

Mvua ilipopungua trekta ikaja. Bosi akahesabu mbao kwa macho tu, akajua. Nikamweleza. Akavua kofia, nikadhani ameelewa. Kisha akasema, "Pole kwa mama. Lakini watu wa Dunga nitawaambia nini? Chukua nguo zako."

Watu walikuwa wamesimama pale. Hakuna aliyenitetea. Siwalaumu, yalikuwa mambo yangu na bosi wangu.

Nikafunga nguo zangu, nikashika njia ya kuteremka Sondu. Nyuma yangu nikasikia injini imewashwa. Nililia? Hapana. Moyo ulikuwa mtupu tu.

Nilikuwa nimefika kwa kona ndipo nikasikia mtu anakimbia kwa matope. Owiti, anahema, suruali imekunjwa mpaka magoti.

"Bwana! Ngoja. Wewe unaitwa nani?"

Nikamwangalia.

"Mtoto wa Dani akija atauliza ni nani alitengeneza sanduku," akasema. "Hakuna mtu anajua jina lako. Umekaa kwetu muda huu wote. Ni aibu."

"Kegode," nikamwambia.

"Kegode." Akalirudia, mara ya pili polepole, kama mtu anayelikariri. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akarudi mlimani.

Wakuu, funzo langu ni hilo. Mgeni anayefanya kazi kwako, awe mlinzi, mfua nguo, au fundi wa wiki moja, usingoje aondoke ndiyo umuulize jina. Na kama hamna lugha moja, keti naye tu.

Kuna mwingine humu aliyewahi kukaa peke yake ugenini hivyo? Alikuwa nani aliyekuja kuketi nawe? Andika hapa, mimi niko, nasoma zote.