Mabawa ya Waya za Breki

Damari Gasto ana miaka ishirini na sita, na kumi kati ya hiyo ameitumia kutengeneza baiskeli pale Utemini, Singida, bila kuitwa fundi. Nasema kwa uhakika, kwa sababu banda langu la cherehani limegusana na gereji ya baba yake, na bati linalotutenganisha halizuii hata kikohozi. Mteja akimkuta peke yake, grisi imempanda mpaka viwikoni, humsalimia vizuri kisha huuliza fundi anarudi saa ngapi. Mzee Gasto mwenyewe humtambulisha hivi: binti yangu huyu, ananisaidia kushika spana. Spana anashika kweli. Pia ananyoosha rimu, anabadilisha gololi, na kukaza zile breki ambazo macho ya mzee hayazioni vizuri siku hizi. Jambo hilo lilikuwa likinikera mimi kuliko yeye, au ndivyo nilivyodhani.

Mwezi wa sita aliingia bandani kwangu na mchoro. Dodoma kulikuwa na mashindano ya vijana kuvaa kama watu wa kwenye katuni, wanayaita kosplei, naye alikuwa amejibunia malkia wa kunguru mwenye mabawa yanayofunguka na kujifunga. Alitaka nimshonee manyoya ya kitambaa cheusi. Nikamuuliza mtu mzima na akili zake anataka ukunguru wa nini. Akajibu kwamba kule kila mshiriki hutajwa kwenye kipaza sauti, jina lake na kazi yake, na kwenye fomu yeye ameshaandika fundi baiskeli. Nilichukua futi nikampima mgongo.

Mifupa ya mabawa aliiunda kwa spoki na vyuma vya miavuli mibovu. Kwenye kiganja cha kulia aliweka mkono wa breki. Akiubana, waya unavuta na mabawa yanafunguka. Kazi ya kuyafunga aliiachia mipira ya tyubu, ile ile tunayofungia magunia kwenye keria. Mzee Gasto alipita pale mara nne kwa siku na kusema tu kwamba waya za breki ni za breki.

Jumamosi ya majaribio wateja waliacha baiskeli zao wakaja kutazama. Damari akabana. Mabawa yakafunguka, mita moja na nusu kila upande, nami nikaona fahari juu ya mishono yangu. Halafu upepo wetu wa mwezi wa saba, ambao haujawahi kumwomba mtu ruhusa, ukayaingia na kumrudisha kinyumenyume mpaka kwenye benchi la wateja, akamkalia babu mmoja aliyekuja kutoka Ihanja. Babu akampa pole. Damari aliachia breki, lakini mipira ilikuwa imeshalegea na mabawa yakabaki wazi. Mlangoni hakupita, hata kwa ubavu. Alisimama uani karibu nusu saa, mama yake, Redempta, akimnywesha chai, maana mikono nayo ilikuwa imefungwa humo humo.

Mzee Gasto akafuta mikono yake kwa kitambaa.

"Yavue, mwanangu. Nitakutengenezea mimi."

Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliuma.

"Hapana, baba. Ukiyagusa yatakuwa ya kwako."

Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo gerejini. Mzee alirudi kwenye pampu yake, na wiki nzima wakaishi kwa shikamoo na marahaba.

Jumapili huwa nakula kwao. Mume wangu huchinja kuku ili wote tuweze kumla, Redempta hupika, na firigisi ni ya mzee Gasto. Sijawahi kuiona ikitua sahani nyingine. Hata alipougua malaria asiweze kula kitu, iliwekwa kabatini ikamsubiri. Jumapili ile chakula kilichelewa mpaka saa kumi, kwa sababu Damari, aliyepewa kazi ya kukatakata kuku, alikuwa amekaa jikoni akivuta mishipa ya bawa bichi. Akivuta mmoja, bawa linanyooka. Akivuta mwingine, linajikunja. Kuku aliyeletwa mezani alikuwa na bawa moja. Mzee Gasto aliuliza nani anachezea chakula katika nyumba hii, lakini anayehusika alikuwa ameshakwenda gerejini na bawa la pili.

Kosa lake lilikuwa mipira. Kuku hafungi bawa kwa mpira. Ana mshipa wake wa kufungia. Damari akaongeza waya wa pili kila bawa, na mkono wa breki wa pili kwenye kiganja cha kushoto. Hakumuuliza mtu.

Dodoma alishika nafasi ya nne, akapewa fulana isiyomtosha. Kabla hajarudi, video ilikuwa imefika kwenye simu ya Redempta, na mzee akaichukua simu akaenda nayo gerejini. Kupitia bati nilisikia kipaza sauti kikimtaja Damari Gasto, fundi baiskeli, Singida, kisha kikimtaja tena, na tena. Nikachungulia. Sisi wengine wote tulikuwa tumetazama mabawa yakifunguka. Mzee alikuwa akiirudisha video mwanzo ili aone tena pale yanapojifunga.

Jumapili iliyofuata Redempta alimpakulia firigisi kama kawaida. Mzee akaitazama, akaichukua kwa vidole na kuiweka kwenye sahani ya Damari. Redempta alibaki ameinua upawa.

"Kesho mwalimu akija kuchukua baiskeli yake," mzee alisema, "mwambie fundi ni wewe. Ile breki imenishinda."

Kisha akaomba apewe shingo.

Redempta aliuliza kama chumvi imetosha. Damari akasema imetosha. Alikuwa bado hajaionja ile firigisi.