Mama wa Kusema na Bâche

Ukifika Ndosho, pale Goma, ukauliza kwa Mukagasana ni wapi, watu watakunja uso. Uliza kwa Mama wa Kusema na Bâche, hata kuku watakusindikiza hadi mlangoni. Jina hilo alilichukia kwa miaka, nusura limfukuze katika kazi yake, na namna lilivyogeuka siku ya sikukuu ya shirika lao la kanisani, jamani, mpaka leo watu wanasimuliana hadi mtaa wa Birere.

Alizaliwa upande wa Kiwanja, binti wa Habineza aliyeshona maturubai ya malori pale sokoni. Bâche, yaani turubai zito la lori, halishonwi na mtu mmoja. Linatundikwa kwenye kamba kama pazia, mmoja anasimama huku, mwingine kule, huyu anasukuma sindano ya gunia, yule anavuta na kuirudisha. Hamwonani. Mnasikilizana tu. Muzee Habineza alikuwa akigonga turubai kwa kucha, tak tak, kumjulisha binti yake kwamba sindano ameipata. Na wakishona alimsimulia habari za mtume Paulo. Petro, alisema, ni wa watu wa ziwa na nyavu zao, lakini Paulo ni wetu sisi wa sindano, kwani huyo alizunguka dunia akihubiri, na bado alishona mahema kwa mikono yake ili asimlemee mtu.

Mukagasana alipoolewa akaja Goma, alikuja na sindano na Paulo wake. Ndosho alimkuta Kahambu, mama Julien, Munande wa Butembo mwenye maneno machache na vidole vya chuma. Wakashikana kama ulimi na mate. Mmoja anasema Kinyarwanda kwao, mwingine Kinande, na kwenye turubai ilikuwa Kiswahili na tak tak. Malori ya Butembo yakawa yanawatafuta wao. Wakati mapadri na makatekista walipokuwa wakihubiri kwamba mbele ya Kristo hakuna wa huku wala wa kule, watu wa shirika waliwatazama hao wawili tu.

Hapo ndipo desturi ilipoanza. Kila sikukuu ya Mtakatifu Paulo, msimamizi wa shirika lao, walitundika turubai uwanjani juu ya mawe meusi ya volkano. Mukagasana alisimama mbele ya watu akashona huku akisimulia maisha ya Paulo, na Kahambu alijificha nyuma. Watoto waliona sindano inaingia na kurudi yenyewe, wakapiga kelele za furaha. Mshono ulipoisha, hadithi nayo iliisha, turubai likasimamishwa, na watu wakala chini yake.

Halafu Kahambu akaondoka.

Ilikuwa siku ya kazi tu, turubai la mteja, barabara imejaa watu. Mukagasana alikuwa anasimulia habari ya shemeji yake, tamu kweli, anasimulia na kucheka peke yake. Akasukuma sindano, haikurudi. Akaendelea kusimulia. Mwishowe akauliza, "Mama Julien, uko pale?" Kijana msukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha mizigo, akasimama akamjibu kwamba mama, nyuma hakuna mutu, unasema na bâche. Barabara nzima ilicheka. Jioni ile jina lilikuwa limeshafika Birere na kurudi.

Kahambu alikuwa amepigiwa simu kwamba Julien, aliyekuwa kwa bibi yake Butembo, amezidiwa na homa. Aliita, kumbe mwenziwe hakusikia, maana Mukagasana akianza kusema hasikii hata radi. Kahambu akadandia lori la kwanza. Mtoto alipona, mama akarudi na ndizi za kuomba msamaha, na Mukagasana akazirudisha mkungu mzima. Aseme nini mtu aliyemwacha achekwe na Goma yote? Tangu hapo ilikuwa salamu tu, jambo na jambo, basi. Alishona vitu vyepesi vya vibanda vya soko, vile mtu anavyoweza peke yake. Na kila sikukuu, akisimulia habari za Paulo, aliruka mahali pamoja.

Ni pale Paulo na rafiki yake Barnaba walipogombana. Barnaba alitaka wamchukue kijana Marko safarini. Paulo akakataa katakata, kwa kuwa Marko aliwahi kuwaacha katikati ya kazi. Ugomvi ukawa mkali, wakaachana njia. Mukagasana alikuwa akifika hapo anakohoa kidogo, anapanda merikebu na Paulo, huyo baharini.

Mwaka huu katekista Lévi akaleta habari iliyowarusha watu vitini. Shirika limepata turubai la lori, zito, imara, lakini katika vipande viwili. Likiunganishwa, hawatasali tena mvuani. Na Mukagasana, Mama Olive, ataliunganisha siku ya sikukuu, mbele ya watu, kama zamani! Makofi. Vigelegele. Mukagasana akasikia kichwa kinavimba, akasema hakuna shida. Lévi akauliza kwa upole nani atakaa nyuma. Akajibu, Olive. Binti yake Olive akashtuka, maana sindano alizojua ni zile za daktari tu. Kahambu, aliyeketi nyuma kabisa, aliangalia viatu vyake.

Mukagasana hakulala vizuri juma lile. Alijua vizuri kabisa: mshono ukishindikana, shirika litaendelea kunyeshewa, na yeye atachekwa mara ya pili, safari hii kanisani. Lakini kwenda kubisha kwa Kahambu? Afadhali kumeza sindano.

Siku ikafika. Uwanja ukajaa hadi juu ya kuta. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka upande wa mlima, na Lévi aliyatazama kuliko alivyomtazama msimuliaji. Mukagasana akapaka uzi nta, akasukuma sindano ya kwanza. Ikarudi imepinda. Ya pili ikapinda zaidi, na kutoka nyuma Olive alisikika akimwita mama yake kwa uchungu. Watu walianza kutazamana. Mukagasana akapandisha sauti ili wasikie yeye, wasitazame mshono.

Akamleta Paulo alipokuwa bado anaitwa Sauli, na hasira zake, jinsi alivyowatesa waamini, akaanguka njiani Damasko, akapofuka, na waliomwogopa ndio waliomwita ndugu. Watoto walifunga macho pamoja na Sauli. Akamshusha ukutani katika kapu, akina mama wakajishika vifua. Na ajabu, sindano sasa ilikuwa inarudi! Inarudi imenyooka, haraka, kama zamani. Kumbe Olive ameelewa, akajisemea, damu ya Habineza haipotei. Akakimbia na hadithi, mkono ukikimbia naye, mpaka akafika mahali pa kukohoa.

Akakohoa. Akatupa jicho kwa watu. Olive alikuwa ameketi mstari wa mbele, kando ya Lévi, ananyonya kidole.

Mukagasana akatega sikio. Ndipo akasikia kile ambacho masikio yake yalikuwa yanakisikia muda wote bila kumwambia: tak tak.

Merikebu ilikuwa inamngoja, angeweza kupanda kama kila mwaka. Hakupanda. Akawaambia watu habari ya Barnaba na Marko, na aliisimulia kwa moto, maana uchungu wa Paulo aliujua kuliko katekista yeyote. Aliyeachwa katikati ya kazi ndiye anayejua, akasema, na wazee wakaitikia. Paulo alifundisha kwamba upendo hauhesabu mabaya, akasema tena, lakini kufundisha ni rahisi, na Marko alikuwa anamuuma. Halafu, bila kupumzika, akamfikisha Paulo uzeeni, gerezani Roma, anasikia baridi, wenzake wengi wameondoka. Akaomba mambo machache. Aletewe joho lake. Na aletewe Marko, kwa sababu katika kazi, Marko anamfaa.

Hapo akasimamisha sindano. Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya turubai. Mukagasana aliwapa watu mgongo, akageukia kile kitambaa kizito kisicho na uso, mbele ya shirika zima, mbele ya mapadri, mbele ya kila mtu aliyewahi kumcheka.

"Mama Julien," akasema. "Uko pale?"

Mtu fulani akaguna kwa kicheko. Turubai lilitulia. Mukagasana aliweka kiganja chake juu yake, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

Tak tak.

"Niko, Mama Olive," sauti ikajibu kutoka nyuma. "Nilikuwa nakusikiliza. Vuta uzi, mvua inakuja."

Akavuta.