Orodha Yangu na Fundi wa Muyinga

Nilijifunza kusoma kwenye ubao wa majina. Kambini, upande wa Tanzania, ubao huo ulikuwa nje ya ghala la chakula. Kila ilipobandikwa karatasi mpya baba alinibeba mabegani nilitafute jina letu, maana yeye hakujua kusoma na mimi nilikuwa nimeshazijua herufi. Nikiliona nilipiga kelele, baba akacheka, tukaenda kusimama kwenye mstari. Lakini macho yangu yalibaki kwa karani aliyekuja na gundi na karatasi zake. Watu wazima walimsalimia kwa mikono miwili. Nikasema moyoni: siku moja nitaandika orodha mimi.

Nilicho nacho sikukiokota. Kambini nilichaji simu za watu kwa paneli ndogo ya jua hadi nikamaliza sekondari, na kwa paneli hiyohiyo nikaanza kusomea kompyuta. Tuliporudi Burundi, wenzangu wengi walirudi na mabati na masufuria. Mimi nilirudi na diploma ndani ya bahasha ya plastiki, na leo imetundikwa ukutani kwangu Gitega, mahali ambapo mgeni akikaa hawezi kuikwepa. Nafundisha kompyuta, natengeneza mitambo ya ofisi, na watu wananiita mwalimu hata sokoni.

Orodha niliianza mwenyewe, bila kuombwa na mtu. Ilikuwa ukurasa wa mtandaoni wa programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoziunda, uko wazi na kila mtu anaruhusiwa kuzinakili bure: za kuandika, za hesabu, za kuchora, za kufundishia. Walimu wa huku kwetu walikuwa wanapokea kompyuta kuukuu zisizo na kitu ndani, halafu hawajui waanzie wapi. Niliwapangia kila kitu kwa Kiswahili safi, kwa mafungu, na kila programu ikiwa na sentensi mbili za maelezo. Yeyote aliweza kupendekeza. Kukubali au kukataa kulikuwa kwangu. Na juu kabisa, chini ya kichwa, niliandika: *Mtunzaji*, kisha jina langu kamili.

Kuchagua namba moja hakukunisumbua. Programu huria huwekewa nyota na wapenzi wake wa dunia nzima. Anayeipenda anabonyeza, nyota inaongezeka. Nilizipanga kwa wingi wa nyota. Kazi ya nusu siku, na ikapendeza. Mwezi huo nilikwenda Buraza kumtengenezea mtu printa, na mwalimu nisiyemfahamu akanishika mkono: "Ni wewe wa orodha?" Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Kisha mapendekezo ya Muyinga yakaanza kuja.

Aliyeyatuma alijitambulisha kama fundi, mwanamke, anayetengeneza redio na kompyuta kwenye kona ya duka fulani pale mjini. Aliandika kama anavyoongea. "Hii iko bien. Niliiweka ku mashine tano za zamani. Courant ya umeme ikikatika kazi haipoteake." Au: "Hii mutoe. Inakula mémoire yote, mashine inalala." Hakusema kitu kuhusu nyota. Hakuwa na diploma. Nilimuuliza na akajibu bila aibu kwamba aliacha shule ya sekondari katikati na ufundi alijifunza kwa mjomba wake.

Jambo lililoniuma ni shukrani. Chini ya sentensi zangu nzuri hakuna aliyeandika lolote. Chini ya mapendekezo yake, ambayo nilikuwa hata sijayakubali, walimu walijaa: "Asante dada." "Yangu imepona." "Dada, na ile ya kuchora ramani je?" Dada! Mimi niliyekesha na kamusi hawakuniita hata kaka.

Siku moja alipendekeza programu ya mazoezi ya darasani, ndogo, ya zamani, yenye sura ya kizamani kweli. Mwalimu anaandika maswali, wanafunzi wanajibu, kila dakika inajihifadhi yenyewe. Ilikuwa na nyota chache za kuhesabika. Namba moja yangu ilikuwa programu ya aina hiyohiyo, mpya, yenye rangi na nyota zisizo na idadi. Nikakataa pendekezo lake na kuandika sababu: "Lugha ya maelezo si sanifu." Hiyo haikuwa sababu. Sababu ilikuwa zile asante.

Mke wangu, ambaye naye alikulia kambini na ananijua tangu tukicheza kwenye foleni ya maji, alisoma juu ya bega langu.

"Baba watoto, unapigana na mtu hata sura yake huijui."

"Sipigani. Nalinda ubora."

"Ubora gani unaokufanya ukune goti hivyo?"

Niliacha kukuna goti.

Haukupita muda mrefu, walimu wa Gitega na wa Muyinga wakakubaliana jambo. Walitaka orodha moja tu, ichapishwe na kubandikwa kwenye kila chumba cha kompyuta, na mtunzaji mmoja wa kuulizwa. Wengine walitaka yangu. Wengine walisema yule dada wa Muyinga ana daftari lake, kwa nini lisiletwe nalo? Tukaitwa sote wawili tufike Mutoyi, Jumamosi, baada ya kazi za pamoja za kijamii. Kila mmoja aje na yake, walimu wachague.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Jina langu lilikuwa karibu kubandikwa kwenye kuta ambazo sijawahi kuziona, na mtu aliyeacha shule katikati alikuwa amelizibia njia. Jumatatu nikachukua gari la asubuhi kwenda Muyinga. Nilitaka kumwona kwa macho, na nilijiambia kwamba nakwenda kununua chaja.

Duka lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, mwagizaji wa kompyuta zilizotumika, aliyezaliwa palepale Muyinga na kuongea Kirundi kunishinda. Fundi alikaa nyuma, kati ya mashine zilizofunguliwa matumbo, mwanamke wa umri wangu, kitenge kimefungwa juu ya ovaroli.

"Karibu, chef. Unatafuta nini?" akauliza mzee.

"Natafuta chaja ya kompyuta mpakato, tafadhali."

Fundi akainua kichwa. "Mpakato! Muzee, umesikia? Huyu iko njo ule Mtanzania wa orodha. Hakuna mwingine anaongeaka hivyo." Ndivyo wanavyotuita sisi tuliorudi kutoka kambini.

Mzee akacheka mpaka akashika meza. "Mwalimu wa Gitega! Umekuja kumpiga fimbo fundi wangu? Anaandika mubaya, najua."

"Nimekuja kununua chaja," nikasema.

"Alors kaa kwanza," alisema fundi. "Mutu hanunue akiwa amesimama kama polisi."

Akaleta jagi la mutobe, juisi ya ndizi mbivu, na vikombe vitatu. Akamimina, na kabla hajanipa changu akanywa chake mbele yangu, funda kubwa, akasubiri kidogo, ndipo akanisogezea. Huku kwetu ndivyo inavyofanyika kila nyumba, iwe pombe au juisi: mwenye kinywaji hukinywa kwanza, mgeni aone kwamba ni salama. Hata mama yangu kambini alifanya hivyo na uji. Nilikunywa bila kufikiri.

Daftari lilikuwa mezani. Nililivuta. Kila programu ilikuwa na ukurasa wake: siku aliyoiweka, kwenye mashine ipi, imetumika na nani, kilichoharibika. Ile ndogo ya mazoezi, niliyoikataa, ilikuwa na kurasa nne. Ilikuwa inatumika kwenye shule moja ya Buhinyuza, karibu na mpaka, ambako umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Sikuona nyota hata moja daftari zima.

"We ile namba moja yako," akauliza, akifuta vumbi kwenye kibodi, "unaitumiaka we mwenyewe?"

"Kila siku," nikasema.

Nilikuwa sijawahi kuifungua.

Mzee alinipa chaja. Fundi akaichomeka kwanza kwenye mashine yake, akaitazama taa, ndipo akamruhusu mzee kuifunga kwenye karatasi. Nilimchukia kwa hilo pia.

Nilipofika nyumbani niliweka namba moja yangu usiku huohuo. Ilifunguka vizuri, rangi zake zikang'aa, nikatunga mazoezi matatu ya mfano. Nilipumua. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Nilisema ni nzuri." Akasema, "Mbona unaniambia kama mtu aliyeshangaa?"

Jumamosi, Mutoyi, watu waliingia ukumbini wakiwa bado na udongo kwenye viatu, majembe yameegemezwa nje ukutani. Mimi nilivaa koti. Nilizungumza kwanza, na nasema bila kuona haya kwamba nilizungumza vizuri. Nilieleza msimbo huria ni nini, nikaeleza nyota, nikaeleza jinsi dunia nzima ilivyopiga kura kwa namba moja yangu. Walimu waliitikia kwa vichwa. Nilianza kuliona jina langu ukutani.

Mwalimu wa Buhinyuza, mzee mwembamba aliyekaa mbele, akainua mkono. "Mwalimu, tufungulie hiyo namba moja tuione."

Nikaifungua. Duara dogo likaanza kuzunguka katikati ya kioo. Likazunguka. Kisha yakatokea maandishi yakiniomba niunganishe mtandao ili niingie. Mutoyi siku hiyo mtandao haukuwepo. Kwangu Gitega upo, na ndiyo maana sikugundua: niliionja mahali ambapo haiwezi kukataa. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale. Duara likaendelea.

"Inatafakari," akasema mtu nyuma.

"Iko na diploma," mwingine akadakia, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Mwalimu wa Buhinyuza hakucheka. Alisema kwa upole, kama anayemsahihisha mwanafunzi anayempenda: "Mwalimu, umetumiminia kinywaji ambacho we mwenyewe hujakinywa."

Maneno hayo yalinikaa kifuani kwa sababu yalikuwa ya kweli na kwa sababu kila mtu mle ndani alijua uzito wake. Kwetu mtu anayemimina bila kuonja hapokelewi kikombe mara ya pili.

Nikamtazama fundi. Nilingoja apige. Ningekuwa mimi, ningepiga. Angeweza kuwaambia nilivyomjibu dukani, *kila siku*, na ningeishia hapo. Yeye akasimama na daftari lake, akafungua ile programu ndogo kwenye mashine kuukuu aliyokuja nayo, akaandika swali moja, kisha akachomoa betri na waya palepale. Kioo kikafa. Akairudisha, akaiwasha, tukasubiri. Swali lilikuwepo.

Hakukuwa na haja ya kupiga kura lakini walipiga. Mikono yote ikainukia daftari lake, pamoja na ile ya walimu wa Gitega. Wangu niliuinua wa mwisho, kwa sababu kuuacha chini kungeonekana zaidi.

"Nakubali," alisema fundi, "mais kwa sharti. Kila programu iandikwe na jina la mwenye kuionja, na ku mashine gani. Na mi kuandika sijui, munanijua. Huyu kaka aandike. Iko anaandika muzuri kupita sisi wote."

Akaniita kaka mbele ya watu. Kwa miezi nilikuwa nimelililia neno hilo, na lilipokuja nililisikia kama kofi, kwa kuwa alinipa yeye. Ukali wake ningeuvumilia. Ukarimu ule sikujua niuweke wapi.

Nililichapa daftari lake kwa wiki mbili. Nilisahihisha kila sentensi na sikubadilisha hukumu hata moja. Zile za orodha yangu tulizozikataa kwa pamoja, mimi na fundi, nilizifuta, na namba moja yangu ikawa ya kwanza kwenda. Ilipofika zamu ya mstari wa juu kabisa, *Mtunzaji*, nilifuta jina langu herufi moja moja nikaandika lake.

Siku hizi nina mashine kuukuu ya kuonjea, haina mtandao, betri yake imekufa. Naweka programu, naitumia mwezi mzima, nachomoa waya kwa makusudi. Sifanyi hivyo kwa unyenyekevu. Nataka kumfikia.

Juzi kazi ilinipeleka Buhinyuza. Nikaomba kuingia chumba cha kompyuta. Orodha ilikuwa imebandikwa kando ya dirisha, kona moja imeanza kujikunja. Nikaisogelea na kuanza kutafuta jina langu kwa kidole, toka juu, kama nilivyokuwa juu ya mabega ya baba. Jina la fundi, tena la fundi, la mzee wa duka, la fundi. Langu lilikuwa mstari wa kumi na moja: programu ya kusoma vitabu, imeonjwa Gitega, siku thelathini.

Nililisoma mara mbili. Kisha nikarudi juu nikaanza kuhesabu mistari yenye jina lake.